Nilifungia Kigwena Yote kwa Sababu ya Nyani

Nimekosa. Nianze na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi ya kujitetea naweza kujaza kurasa tatu na kuzipiga muhuri.

Jina langu sitalitaja. Watu wa Rumonge watanijua wakifika katikati ya habari hii, na wale wa mtaani kwetu wameshanijua kwenye kichwa chake. Ninachoomba ni kimoja tu, msininyooshee kidole nikipita sokoni. Mmeshaninyooshea vya kutosha.

Kosa lenyewe ni hili. Mama aliyenilea alizikwa Kigwena, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kibandani kwangu. Mtaa mzima ulikwenda. Mimi, ambaye ndiye niliyepaswa kumshusha kaburini kwa mikono yangu, nilibaki nimekaa kwenye kiti. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Nilikuwa nalinda uhuru wa mtandao.

Ngojeni nieleze, halafu mtanihukumu vizuri.

Nina kibanda cha fotokopi karibu na pale magari ya Nyanza-Lac yanapopakia abiria. Napiga kopi, naandika barua za maombi ya kazi, nachonga mihuri. Asiyejua kusoma ananiletea barua namsomea. Na nina tabia moja ambayo wateja hawaijui, kwamba kila ninachopiga kopi nakisoma. Hukumu za mashamba, vyeti vya ndoa, barua za mapenzi, vyote nasoma. Hiyo ni dhambi nyingine, haimo katika ungamo la leo.

Mama yangu mzazi alifariki mimi nikiwa bado natambaa. Mdogo wake ndiye aliyenichukua. Mama Mdogo alikuwa anaishi Kigwena, ndani ya michikichi, anakamua mawese. Alikuwa na binti mmoja, Zaituni, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko huko. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Wa kiume alikuwa mimi.

Tangu nikiwa na miaka kumi alikuwa ananiambia jambo moja, tena kwa utani, huku anachochea moto.

"Weye, kula ushibe. Siku yangu ikifika ni weye utaingia mule ndani unipokee. Sitaki kushikwa na batu nisiobajua."

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa namwambia bado sana.

Sasa mtandao. Mtaa wetu ulikuwa na kundi kwenye ule mtandao mkubwa ambao wote mnaujua, na ambao ndio mnaosomea maneno haya. Mle tulikuwa tunatangaza harusi, misiba, mbuzi aliyepotea, na ndagala, yaani dagaa, zikitua mwaloni. Mambo yalikuwa yanakwenda. Sisemi yalikuwa mazuri, nasema yalikuwa yanakwenda.

Siku moja Zaituni akampiga Mama Mdogo picha. Mama Mdogo amesimama mbele ya beseni la mawese mapya, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, anacheka meno yote nje. Zaituni akaiweka kwenye kundi ili watu wajue mawese yako tayari. Baada ya saa moja picha ikafunikwa na kiza, juu yake pameandikwa kwamba inaweza kuogopesha watazamaji.

Mashine yao huko iliko ilidhani ni damu!

Mama Mdogo hakuwa na simu yake mwenyewe, alikuwa anatumia ya Zaituni. Alinipigia kwa hiyo hiyo.

"Ati niko naogopesha batu. Mi nimechinja nani?"

Alisema akicheka, lakini nilimsikia sauti. Aliumia. Na mimi niliumia zaidi yake, na hasira yangu huwa haikai mahali pamoja, inatafuta kazi ya kufanya.

Kazi ilijileta yenyewe. Wiki ile ile kijana mmoja kutoka Bujumbura alikuja kupiga kopi ya vikaratasi vya Kifaransa. Nikasoma, kama kawaida yangu. Vilisema kuna mitandao isiyo na mwenye. Kila jamii inaweka mashine yake ndogo, inaitwa seva, inahifadhi maneno ya watu wake, na mashine hizo zinazungumza zenyewe kwa zenyewe kama vijiji jirani. Hakuna bosi. Hakuna mzungu wa mbali wa kufunika picha ya mama yako. Nikajibakizia kopi moja.

Nilisoma kile kikaratasi mpaka kikachanika kwenye mkunjo. Nilitafuta kompyuta kuukuu, nikaiweka chini ya meza ya kibanda, kijana wa Bujumbura akanielekeza kwa simu siku nne mfululizo. Siku ya tano ikawaka. Mtandao wetu nikaupa jina la Kwetu.

Nikaita mkutano uani kwangu, nikanunua Fanta. Nikawaambia watu wa mtaa kwamba kuanzia leo sisi si mifugo ya mtu. Nikawaonyesha picha ya Mama Mdogo na beseni lake, wazi kabisa, bila kiza. Watu wakapiga makofi. Bibi Mwajuma, jirani yangu anayeuza samaki, akauliza swali moja tu.

"Na bosi wa huku ni nani?"

"Hakuna bosi," nikamjibu.

"Sasa nikisahau ile namba ya siri nitamuuliza nani?"

"Utaniuliza mimi."

"Aa," akasema, akanywa Fanta yake.

Wakati ule sikuelewa kwa nini watu walicheka.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa tamu. Karibu mtaa mzima ulihamia. Niliwaambia walifunge lile kundi la zamani, wakalifunga. Zaituni naye akapenda, akaweka seva ya Kigwena shuleni kwao, mimi ndiye niliyemsaidia. Nikaunganisha zile mbili, Kwetu na Kigwena, zikawa zinapelekeana habari. Mama Mdogo hakuwa anajua kuandika, kwa hiyo alikuwa ananitumia sauti. Kila asubuhi nikifungua kibanda nakuta sauti yake inanisubiri, ananiuliza nimelalaje, nimekula nini, mke wangu yuko namna gani.

Jamani, hapo ndipo ningeacha. Mtu mwenye akili angeacha hapo.

Lakini nilianza kuandika kanuni. Mwanzoni zilikuwa tatu. Usitukane, usidanganye, usiweke picha za aibu. Halafu mtu akatangaza bei ya ndagala asubuhi, mchana ikawa nyingine, watu wakagombana, nikaandika ya nne. Mtu akatuma salamu za Idi siku mbili kabla, nikaandika ya tano. Zilipofika arobaini na moja nilizipiga chapa, nikazipiga muhuri niliouchonga mwenyewe, nikazibandika ukutani kwa kibanda. Muhuri ulikuwa na picha ya samaki mukeke na maneno KAMATI YA MTANDAO WA KWETU. Kamati ilikuwa mimi na mke wangu. Mke wangu hakuwa anajua kwamba yuko kwenye kamati.

Umeme nao, nyinyi mnajua umeme wetu. Ukikatika, Kwetu nzima inakufa, maana uhuru wote wa mtaa ulikuwa chini ya meza yangu kwenye soketi moja. Jenereta ninayo, mafuta ya kuiwasha ndiyo shida. Watu walikuwa wanapita mlangoni wanauliza.

"Bwana, hautuwashii uhuru? Mi niko na mikeke kumi inaharibika."

Nilikuwa nawajibu kwamba huko kwenye mtandao mkubwa umeme haukatiki kwa sababu wao ni watumwa. Hata mimi sijui nilimaanisha nini.

Kisha nikamgusa Ramazani.

Ramazani ni yule wa baiskeli na kipaza sauti. Mtu akifariki, yeye ndiye anayepita barabara kwa barabara, anataja jina la marehemu, mahali pa kilio na saa ya mazishi. Baba yake alifanya kazi hiyo kwa mdomo mtupu. Kwetu sisi, msiba ambao Ramazani hajautangaza ni kama haujatokea. Mimi nikaona ni ushamba. Kanuni ya ishirini na sita ilisema matangazo ya misiba yapitie mtandaoni. Nikamwandikia barua rasmi, kwamba asipite tena na kipaza sauti katika barabara yetu.

Ramazani hakusoma shule. Alipoipata barua aliileta kibandani kwangu nimsomee.

Nikamsomea! Nilikaa kwenye kiti changu, nikamsomea barua yangu mwenyewe, kwa sauti ya karani wa mahakama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua, akautazama ule muhuri wa samaki.

"Iko sawa," akasema. "Kama iko na kashe, iko sawa. Murakoze." Akiisha kunishukuru hivyo akaikunja, akaitia mfukoni, akapanda baiskeli yake.

Sasa tufike kwenye nyani.

Kigwena, kwa asiyepajua, pana msitu, na msitu una nyani. Watu wa huko wamewazoea na bado hawachoki kuwapiga picha. Kila siku seva ya Kigwena ilikuwa inatuletea nyani. Nyani juu ya paa, nyani ameshika hindi, nyani anamtazama padri. Nikaandika kanuni, nyani mmoja kwa wiki. Zaituni akaniandikia kwamba kanuni za Rumonge ni za Rumonge, Kigwena wana mtandao wao, si ndivyo nilivyowafundisha mwenyewe?

Alikuwa na haki. Ndiyo maana nilikasirika.

Kesho yake akaweka picha ya nyani mzee amekaa juu ya gogo, kidevu juu, mikono juu ya magoti. Mtu mmoja wa kwetu hapa hapa Rumonge akaandika chini yake, "Huyu anangoja umeme urudi atusomee kanuni." Watu wakacheka. Wakacheka siku nzima. Hata Mama Mdogo alituma sauti anacheka mpaka anakohoa, anasema kweli kidevu kinafanana.

Ningecheka na mimi, yangeisha. Badala yake nilifungua ukurasa wa msimamizi, nikatafuta sehemu ya kukata mawasiliano na seva nyingine, nikaandika Kigwena. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Kigwena yote, na watu wake, na nyani wake, na mama yangu ndani yake, ikatoweka mbele ya macho yangu.

Nilijisikia vizuri. Siwezi kuwadanganya, siku ile nilikula vizuri na nikalala vizuri.

Zaituni akapiga simu. Nikaifungia na namba yake. Nilimtumia ujumbe kwa simu ya mteja, kwamba mpaka Kigwena waombe msamaha kwa maandishi, mimi na wao basi. Nilijua kabisa kwamba namba ile ndiyo ya Mama Mdogo pia. Nilijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, akinihitaji atapata njia. Nilijiambia pia kwamba nitakwenda kumwona Ijumaa. Ijumaa ilikuwa na kazi nyingi. Ijumaa nyingine ilikuwa na mvua.

Huku mtaani watu walikuwa wameanza kurudi kwenye mtandao mkubwa. Wengi wao wana mashemeji Kigwena, wanunuzi wao wa samaki wako Bujumbura, ndugu zao wako Uvira na Kigoma. Wote hao hawakuwa chini ya meza yangu. Hakuna aliyeniaga. Walilifungua lile kundi la zamani kimya kimya, na mimi nikawa natuma matangazo kila asubuhi nikidhani watu wana shughuli tu. Mke wangu aliniambia mara moja tukiwa tunakula.

"Bale batu wameondoka. Hauoni?"

Nikamwambia wasaliti watarudi. Nikamkataza na yeye asiende huko. Akaitikia kama anavyoitikiaga akitaka mazungumzo yaishe.

Miezi mitatu ikapita hivyo.

Asubuhi ya siku ile mke wangu hakuwepo, alikuwa Muhuta kwa dada yake aliyejifungua. Nilifungua kibanda. Umeme ulikuwapo, seva inawaka, hakuna ujumbe hata mmoja. Nilikuwa nimezoea.

Saa tatu hivi nikawaona watu wa mtaa wanakuja kwenye magari. Wanaume na kofia zao na kanzu, wanawake na kanga zao. Wakakodi gari nzima, kisha ya pili. Nikasikia konda anaita Kigwena. Nikahesabu nyuso. Wote walikuwa waliorudi kwenye mtandao mkubwa. Moyo ukaniuma kwa namna ya kijinga kabisa. Nilidhani ni harusi, na kwamba wamenitenga.

Nikageuza kiti, nikawapa mgongo. Nikajifanya narekebisha mashine.

Bibi Mwajuma akaja mlangoni. Uso wake ulikuwa wa huruma, na mimi nikausoma kama uso wa mtu mwenye hatia. Mimi ninayesoma kila kitu.

"Weye hauendi Kigwena? Gari iko najaa."

Nikamjibu bila kugeuka vizuri.

"Mimi Kigwena siendi. Waniombe msamaha kwanza."

Alijiziba mdomo kwa kanga, akanitazama muda mrefu, akarudi kwenye gari. Niliona anawaambia wenzake, wakageuka wote kunitazama. Nikafurahi. Nilidhani maneno yangu yamewaingia.

Magari yakaondoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa kwenye kompyuta nikaandika tangazo kali kuhusu watu wanaouza heshima yao kwa sahani ya pilau ya harusi. Nikalituma kwa mtaa mzima. Lilisomwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi, nikilitafuta makosa ya tahajia.

Saa nane mchana mke wangu akapiga kutoka Muhuta.

"Pole, bwana. Pole sana. Mumeshatoka makaburini?"

"Makaburi gani?"

Nilisikia kitoto kichanga kinalia nyuma yake.

"Weye uko wapi?" akauliza.

"Niko kibandani."

"Mama mudogo amefariki alfajiri. Mi simu yangu haikuwa na moto, ilikuwa imezimika, nimeona sasa hivi. Hawakukuambia?"

"Umeona wapi?"

"Mule mulemule ulimonikataza."

Sikumbuki nilivyofunga kibanda. Nadhani sikukifunga. Nilipanda gari ya Nyanza-Lac inayopitia Kigwena, nimesimama mlangoni, na njia yote nilikuwa napiga hesabu ya saa kana kwamba saa zinabembelezwa. Kwetu Waislamu maiti haikai. Nilijua. Bado nilikuwa najiambia labda wamechelewa kuchimba, labda wanasubiri mtu.

Walikuwa wamesubiri mtu. Walimsubiri mpaka swala ya adhuhuri ikaisha, wakaongeza nusu saa nyingine, jeneza liko chini, watu wamesimama juani. Zaituni alikataa mama yake asishushwe. Alisema kaka yake yuko njiani. Ndipo Bibi Mwajuma, kwa aibu, akamweleza mbele ya wazee maneno niliyoyasema kibandani.

Aliyeingia kaburini kumpokea Mama Mdogo alikuwa mtu anayemenya chikichi kwenye shamba la jirani. Mtu mwema, Mungu amlipe. Lakini alikuwa hamjui hata jina lake kamili, ilibidi amuulize Zaituni.

Nilipofika udongo ulikuwa bado mbichi. Wanaume walikuwa kwenye mikeka, wanakunywa kahawa. Nikasalimu, wakaitikia salamu. Hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Nilikaa chini pembeni, na kanzu sikuwa nayo, nilikuwa na shati la kazi lenye wino wa mashine.

Ramazani alikuwepo. Alikuja kukaa karibu yangu, peke yake kati ya wote. Nikamuuliza kwa nini hakunifikia.

"Nilifika," akasema. "Zaituni alinipigia mapema, akasema weye haushiki simu, nipite kwako kwanza. Nimekuya mpaka kwa kona ya barabara yenu. Nikakumbuka ile barua. Nikauliza batu pale, bakasema weye unajuaka kila kitu wa kwanza, uko na mashine." Akaitoa mfukoni, imelainika kwa jasho, muhuri wa samaki umefifia. "Sikutaka kuvunja sheria yako."

Hakuwa ananikejeli. Angenikejeli ningepumua kidogo.

Nilimsubiri Zaituni mpaka wanawake walipopungua. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningepokea. Alitoka amefunga kanga kiunoni, macho yamevimba, akaniambia alinipigia mara saba, na aliandika kwenye seva ya Kigwena akalitaja jina langu ili niarifiwe, maana kanuni ya ishirini na sita ndivyo inavyosema. Alifuata kanuni yangu! Kisha akanipa simu yake na kutaka nisikilize.

Mama Mdogo hakuacha kunitumia sauti. Miezi mitatu yote. Kila asubuhi alikuwa anaichukua simu ya binti yake na kusema na mimi, na Zaituni alikuwa anamweleza kwamba hazifiki, na yeye anaendelea. Nilizisikiliza nimesimama nyuma ya jiko lake, pale anapochemshia chikichi. Nyingi zilikuwa maneno yale yale, nimelalaje, nimekula nini. Ya mwisho ilikuwa ya siku mbili kabla. Pumzi ilikuwa fupi.

"Mutoto wangu, amahoro, umelalaje? Zaituni anasema huku hausikii. Mi namuambia utasikia tu. Mawese ya sasa imetoka muzuri, nimekuwekea bidoni moja, usinunue ile ya sokoni, baichanganyaka. Kifua kinanisumbua kidogo, ukipata nafasi ukuye. Na huyo nyani usimukasirikie, ni munyama tu."

Nililia. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, nililia nimeshika ukuta wenye masizi, na Zaituni akasimama pale bila kunigusa. Nilipomaliza akaniletea bidoni yenyewe, dumu dogo la mawese. Ilikuwa na jina langu, alilichora yeye mwenyewe Zaituni kwa mkaa, kwa sababu Mama Mdogo alimwambia aandike kubwa isije ikauzwa kwa makosa.

Niliporudi Rumonge kesho yake kibanda kilikuwa wazi kama nilivyokiacha. Hakuna kilichoibiwa, hata kompyuta. Nilifungua ukurasa wa msimamizi nikaiondoa Kigwena kwenye orodha ya waliofungiwa. Lilikuwa ndilo jina pekee kwenye orodha. Mashine haikuniuliza kama nina hakika. Nilikaa mpaka adhuhuri nikingoja kitu kiingie, hata nyani. Hakuna kilichoingia. Zaituni alikuwa ameshaizima seva yake, wanafunzi wanatumia ile kompyuta kwa hesabu.

Sasa hivi mtaani wananiita Kigwena-Siendi. Jina limeshikamana nami kuliko la baba yangu. Nikipita msikitini watu wanaitikia salamu yangu kwa haraka, kama wanaolipa faini. Wengi bado wanaamini nilijua, na kwamba nilikataa kumzika mama yangu kwa ajili ya picha. Nimejaribu kueleza. Ukieleza kwamba hukujua, wanauliza ilikuwaje mtaa mzima ujue na wewe usijue, na hapo ndipo inabidi ueleze yaliyobaki, na yaliyobaki ni mabaya zaidi.

Ramazani nilimwandikia barua nyingine ya kufuta ile ya kwanza. Nilikwenda kumsomea nyumbani kwake. Akauliza kama ina kashe. Nikamwambia hapana, muhuri nimeutupa ziwani. Akafikiri, akasema atapita, lakini angependa kashe.

Msinielewe vibaya, ule mtandao mkubwa siutetei. Picha ya Mama Mdogo huko bado imefunikwa kiza, nimeitazama jana. Kile kikaratasi cha Kifaransa kilisema kweli, na yule kijana wa Bujumbura hana kosa lolote. Tatizo ni kwamba tulimkimbia bosi wa mbali, asiyetujua, tukampata wa karibu anayemjua kila mtu kwa jina na ana mihuri. Na huyo bosi alikuwa mimi, niliyewanunulia Fanta.

Bidoni iko jikoni. Mke wangu ameuliza mara mbili kama aifungue, nimemwambia bado.

Wewe unayesoma hapa, na una kundi lako, au seva yako, au hata simu tu yenye sehemu ya kumfungia mtu. Siku utakapokasirika, na utakasirika, kidole chako kikiwa tayari juu ya ile sehemu, simama kidogo uwataje kwa majina wote wanaoishi upande ule. Wataje wote. Mimi niliona nyani tu.